Mbuzi wa Dodoma na dawa ya minyoo: kalenda, jicho au kinyesi?

Kila mwaka mvua zikishakolea, mwezi wa pili hivi, shemeji yangu wa Mvumi hunipigia simu kuuliza kama nimeshawanywesha mbuzi dawa ya minyoo. Yeye ana mbuzi zaidi ya arobaini wanaolisha kwenye miteremko ya mawe na makorongo. Mimi ninao ishirini na wawili, na wangu hushuka kwenye majani ya ukingoni mwa bwawa la Hombolo. Kwa miaka kadhaa sote wawili tulifuata utaratibu mmoja: kila baada ya miezi mitatu, zizi zima linakunywa dawa. Yeye hakupoteza mbuzi kwa minyoo. Mimi, Aprili ya mwaka mmoja, nilifukia mbuzi watano ndani ya siku kumi, na wote watano walikuwa wamenyweshwa Januari.

Tangu siku zile swali langu limebadilika. Zamani niliuliza kama mbuzi wangu wana minyoo. Hilo halina haja ya kuulizwa, kwa sababu mbuzi yeyote anayegusa majani ya chini anao. Cha kuuliza ni kama minyoo wamemzidi. Mbuzi mwenye minyoo wachache anaweza kunyonyesha mapacha, akanenepa, na asihitaji tone la dawa. Jirani yake waliyelala naye zizi moja anaweza kuwa anakufa. Utawatenganishaje?

Kuna njia tatu ambazo nimezitumia: kufuata kalenda, kuangalia jicho, na kupima kinyesi. Naziweka hapa bega kwa bega, lakini sitajifanya kuwa zinalingana. Kwa mfugaji wa Kanda ya Kati mwenye mbuzi wachache au wengi kiasi, jicho ndilo ninaloliamini kwanza, kinyesi ni shahidi wa kuitwa pale inapobidi, na kalenda naibakizia wanyama maalumu tu.

Anayetuua mbuzi ni nani

Minyoo ni wengi, ila kwenye joto letu anayeua zaidi ni yule mnyonya damu wa tumbo la nne, Haemonchus kwa jina la kitaalamu. Ukipasua tumbo la mbuzi aliyekufa kwa ajili yake utamwona kwa macho: uzi mwembamba wa sentimita mbili tatu, mweupe na mwekundu umesokotana. Mnyoo mmoja huchukua takribani mililita 0.05 za damu kwa siku. Inaonekana si kitu. Sasa wape minyoo elfu moja: hizo ni mililita 50 kila siku, kikombe kimoja kidogo cha kahawa. Mbuzi wa kilo 25 ana damu isiyofika lita mbili. Piga hesabu ya wiki mbili uone anabaki na nini.

Jike la mnyoo huyu hutaga mayai yapatayo 5,000 kwa siku, pengine zaidi. Mayai hutoka na kinyesi, na yakipata joto na unyevu, ndani ya wiki moja hivi kunakuwa na kiluwiluwi kilicho tayari kumwingia mbuzi. Hupanda kwenye jani lenye umande au matone ya mvua, kikiwa karibu na ardhi. Mbuzi akimeza, wiki tatu baadaye mnyoo mpya anataga. Ndiyo maana mvua ikianza Desemba, maafa huja Machi na Aprili, mizunguko kadhaa ikiwa imeshapita na sisi tunafurahia majani.

Hapo ndipo siri ya shemeji ilipo. Mbuzi wake hula juu: majani ya migunga, maganda yaliyokauka, vichaka. Kiluwiluwi hakifiki huko. Tena Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba mwishoni au Desemba hadi Aprili, milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, na baada ya hapo jua la miezi saba hukausha kila kitu kwenye ardhi tupu. Wangu walikuwa wanakula majani mabichi ya ukingo wa bwawa, chini, asubuhi na umande wake, hata Septemba. Tuko mkoa mmoja, mvua moja, lakini kwa minyoo tunaishi nchi mbili tofauti. Mfugaji wa pembeni mwa mashamba ya mpunga Bahi ajihesabu upande wangu, na wa vilima vikavu vya Mpwapwa ajihesabu upande wa shemeji.

Kalenda

Uzuri wa kalenda ni kwamba haihitaji ujuzi. Unaandika tarehe ukutani, siku ikifika unanunua chupa, unanywesha wote, unalala. Kwa mtu ambaye mbuzi wanachungwa na kijana wa kuajiriwa na yeye anafika Jumapili kwa Jumapili, ninaelewa kabisa kwa nini anaichagua.

Udhaifu wake wa kwanza ni kwamba kalenda haimwoni mbuzi. Mbuzi wa shemeji walikuwa wanakunywa dawa wasiyoihitaji, na wangu walikuwa wanaingia kwenye miezi mibaya kabisa bila kinga, kwa sababu dawa ya Januari haimlindi mbuzi dhidi ya kiluwiluwi atakachomeza Februari. Dawa nyingi tunazonywesha, kama albendazole na levamisole, husafisha waliomo siku hiyo, basi.

Wa pili ni mkubwa zaidi, na unatuhusu sisi wa maeneo makavu kuliko watu wa mvua nyingi. Fikiria Septemba. Nje, ardhini, karibu hakuna kiluwiluwi kilicho hai. Minyoo wote wa mwaka unaokuja wamo ndani ya mbuzi, wengine wamelala kwenye ukuta wa tumbo wakingoja mvua. Ukiwanywesha mbuzi wote siku hiyo, minyoo watakaopona ni wale tu ambao dawa haiwawezi. Hao ndio watakaokuwa wazazi wa minyoo wote wa masika. Mkulima anayechagua mbegu ghalani anafanya hivyohivyo, isipokuwa hapa umejichagulia mbegu ya adui. Miaka michache ya namna hiyo na chupa inakuwa maji.

Kuna hoja ya upande wa pili na ni ya kweli: dozi ya kiangazi ya albendazole, ikitolewa sawasawa, huwapata hata wale waliolala, ambao levamisole huwakosa, na mbuzi huingia masika akiwa mwepesi. Kwa hiyo sisemi kiangazi usinyweshe kabisa. Ninasema usinyweshe wote. Waache walionona, wenye macho mekundu, wabaki na minyoo wao ambao hawajaonja dawa, ili wakichanganyika na wale sugu usugu upungue nguvu.

Jicho

Njia hii ilitengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1990, wakati wafugaji wa kondoo kule walipofika mahali ambapo dawa moja baada ya nyingine ilikuwa imeshindwa. Inaitwa FAMACHA, jina lililotokana na Faffa Malan, mmoja wa madaktari wa mifugo walioianzisha. Ni kadi yenye picha tano za utando wa ndani wa kope ya chini: namba 1 ni mwekundu wa damu, namba 5 ni mweupe kama karatasi. Unalinganisha jicho la mbuzi na kadi. Moja na mbili, mwache. Nne na tano, mnyweshe leo. Tatu ndiyo yenye mjadala. Mimi namba tatu huwanywesha watoto, wenye mimba kubwa, wanaonyonyesha na waliokonda. Beberu mzima wa namba tatu mwenye mgongo uliojaa namsubiri wiki mbili.

Kwa nini inafanya kazi? Kwa sababu inapima madhara, wala haihesabu minyoo. Mbuzi mwingine ana minyoo wengi lakini mwili wake unastahimili, damu inatengenezwa upya, jicho linabaki jekundu. Jicho linakwambia huyo hajashindwa. Na ukiwakagua wote utagundua jambo ambalo wataalamu hufundisha kila mara: sehemu kubwa ya minyoo ya zizi imo ndani ya mbuzi wachache. Kwangu, Machi iliyopita, kati ya ishirini na wawili nilinywesha sita.

Namna ya kuangalia inahitaji mkono. Mbuzi ashikwe akiwa ametulia. Funika jicho lake kwa kope ya juu ukitumia kidole gumba, bonyeza kidogo mboni irudi ndani, kidole gumba kingine kivute kope ya chini, na utando utajitokeza wenyewe. Tazama katikati ya utando, achana na ukingo. Usikawie, kwani ukiliacha wazi muda mrefu linazidi kuwa jekundu. Angalia macho yote mawili na ufuate lile lenye weupe zaidi. Fanya juani, nje, maana ndani ya banda la bati rangi zinadanganya. Picha ya kadi kwenye simu nayo inadanganya, kwa sababu kila kioo kina rangi zake. Tafuta kadi yenyewe na mtu wa kukuonyesha mara ya kwanza.

Jicho lina makosa yake, na hapa Dodoma lina moja la nyumbani. Upepo wa Julai na Agosti hujaza macho vumbi, utando unawasha, unakuwa mwekundu. Mbuzi asiye na damu anaonekana mzima. Ndiyo sababu silitazami jicho peke yake. Napapasa taya: uvimbe laini kama kifuko cha maji chini yake, unaoonekana zaidi jioni baada ya siku nzima ya kuinama kula, ni alama mbaya hata kama jicho linabishana. Napitisha mkono mgongoni kuona kama mifupa inachoma. Natazama mkia kama kuna kuhara, na manyoya kama yamesimama na kufifia.

Kosa la pili: weupe wa jicho ni upungufu wa damu, na damu hupungua kwa mambo mengi. Kupe wengi, chawa, viroboto kwa watoto, ndigana baridi, nagana kwenye maeneo yenye mbung'o. Ukiona mbuzi kadhaa wana macho meupe katikati ya kiangazi kikali, vilimani, usikimbilie dawa ya minyoo. Geuza masikio na mapaja utazame kupe kwanza, na kama kuna homa mwite daktari.

Na kosa la tatu ni kwamba jicho haliwaoni minyoo wasionyonya damu wala kokosidia, vijidudu vya utumbo ambavyo si minyoo. Mtoto wa mbuzi wa mwezi mmoja hadi mitatu anayehara, tumbo limejaa na jicho lake jekundu, mara nyingi tatizo lake ni kokosidia, na albendazole haiwagusi. Nimeona watoto wakinyweshwa dawa ya minyoo mara tatu mfululizo mpaka wanakufa, dawa iliyotakiwa ikiwa rafu ya pili ya duka lilelile.

Kinyesi

Hapa ndipo unapopata namba. Maabara huchanganya kinyesi na maji ya chumvi nyingi, mayai yanaelea, yanahesabiwa kwenye kioo chini ya hadubini, na unapewa idadi ya mayai kwa gramu. Kwa mbuzi, chini ya 500 kwa kawaida hakuna haraka. Kati ya 500 na 1,500 unatazama hali ya mnyama. Ikizidi 2,000 na mnyonya damu yumo, singoji tena.

Kwetu hili si jambo la mbali kama watu wanavyodhani. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, ina kituo Dodoma. Mpwapwa kuna TALIRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, mahali ambapo kazi za maabara ya mifugo zilianza tangu mwaka 1905, na kuna LITA, chuo cha mafunzo ya mifugo. Afisa mifugo wa kata yako atakwambia pa kuanzia. Kinyesi kichukuliwe moja kwa moja kutoka kwenye njia ya haja kwa mkono wenye glavu, punje kama kumi na tano, kiandikwe jina la mbuzi, kiwekwe mahali pa baridi bila kugandishwa, kifike siku hiyohiyo. Kilichookotwa zizini saa nane mchana hakifai, na kikikaa kwenye joto mayai yanaanguliwa kabla hayajahesabiwa.

Sasa udhaifu. Minyoo wachanga hawatagi. Mbuzi aliyemeza viluwiluwi vingi kwa mkupuo anaweza kufa akiwa na namba ndogo kwenye karatasi, kwa hiyo namba ikigombana na jicho jeupe, mimi nafuata jicho. Mayai ya jamii kadhaa za minyoo yanafanana, na bila kuyaotesha maabara haiwezi kukwambia kwa uhakika ni ya nani. Mwenye kuhara anatoa kinyesi chepesi na mayai yanaonekana machache. Halafu kuna gharama na safari: kuwapima wote ishirini na wawili kila mwezi siwezi, na wewe nadhani huwezi.

Lakini kuna kazi moja ambayo kinyesi pekee kinaiweza, na hiyo ndiyo iliyonifumbua macho baada ya kufukia wale watano. Unapima mbuzi kama kumi kabla ya dawa, unawanywesha kwa kipimo sahihi, unawapima walewale baada ya siku 10 hadi 14. Mayai yakipungua kwa asilimia 95 au zaidi, dawa inafanya kazi. Yakipungua chini ya hapo, una shida ya usugu, au shida ya kipimo. Kwangu yalipungua kidogo mno, na daktari aliponiuliza mbuzi wangu wana uzito gani sikuwa na jibu. Nilikuwa nakisia.

Niseme pia kuhusu vile vipande vyeupe kama punje za wali vinavyoonekana kwenye kinyesi cha watoto. Ni tegu. Vinatisha kuliko vinavyodhuru. Watu hukimbia dukani kwa ajili ya hao wanaoonekana, wakati mnyonya damu haonekani kwenye kinyesi kabisa.

Ukishaamua kunywesha

Hapa haraka inatuponza wengi. Mwili wa mbuzi huiondoa dawa upesi kuliko wa kondoo, kwa hiyo kipimo cha kondoo mara nyingi hakimtoshi. Madaktari wengi humpa mbuzi mara moja na nusu hadi mara mbili ya cha kondoo, kutegemea dawa. Levamisole usiiongeze zaidi ya mara moja na nusu, kwani kati ya kipimo chake na sumu nafasi ni ndogo. Albendazole usimpe mbuzi mwenye mimba changa, mwezi wa kwanza. Muulize daktari wa mifugo kipimo cha chupa uliyoshika.

Chupa yenyewe isome mara mbili. Albendazole inauzwa ya asilimia 2.5 na ya asilimia 10, na lebo zinaweza kufanana. Ukiambiwa miligramu 10 kwa kila kilo, mbuzi wa kilo 25 atakunywa mililita 10 za ile ya kwanza, au mililita 2.5 za ile ya pili. Ukizichanganya, ama umempa robo ya dawa na kuwafundisha minyoo kuizoea, ama umempa mara nne. Pima uzito kwa mizani ya kuning'iniza, au kwa utepe wa kifuani. Sirinji iingie pembeni mwa mdomo hadi nyuma ya ulimi, kichwa kikiwa usawa, kwa sababu ukikiinua sana dawa inaingia mapafuni. Siku za kutokula nyama na kutokunywa maziwa zimeandikwa kwenye lebo, ziheshimu.

Kwa hiyo nani achague nini

Kama mbuzi wako ni wa vilimani, wanakula vichakani, na unakaa nao karibu, jicho linakutosha. Mara moja kwa mwezi kiangazi, kila wiki mbili kuanzia Januari hadi Mei mwanzoni. Arobaini unawamaliza asubuhi moja mkiwa wawili. Shemeji alianza hivyo, na msimu wa kwanza alinywesha watatu tu. Alinipigia akidhani amekosea. Nikamwambia, "Shemeji, hujakosea, hizo ni hela zako zimebaki mfukoni."

Kama uko pembeni mwa bwawa, mpunga au bustani ya kumwagilia, jicho kila wiki mbili mwaka wote, na kila wiki Machi na Aprili. Kinyesi upime mara moja kwa mwaka, kabla na baada ya dawa, ujue kama chupa yako bado ni dawa. Na asubuhi uwacheleweshe zizini hadi umande ukauke. Hilo halina bei na kwangu limesaidia kuliko lolote nililonunua.

Kama huwezi kuwakagua kabisa, baki na kalenda, lakini iwe ya majike wanaokaribia kuzaa na waliozaa karibuni, ambao kinga yao hushuka na mayai hupanda, pamoja na watoto wanaoachishwa. Dozi moja katikati ya mvua, mapema Februari, ina maana kuliko nne zilizogawanywa sawa kwa mwaka. Mbuzi mgeni kutoka mnadani yeye mfanyie yote: mtenge, mkague, mpime, mnyweshe, mpime tena, ndipo umchanganye na wenzake.

Na ukikagua ukakuta zaidi ya mmoja kati ya kumi wana namba nne au tano, acha kuchagua kwa wiki hiyo. Nywesha na namba tatu zote, wahamishe malisho, rudia ukaguzi baada ya wiki moja.

Mimi ninaandika namba ya jicho ya kila mbuzi kwenye daftari. Msimu huu jike mmoja mwenye sikio lililochanika ametokea namba nne mara tatu, akinyweshwa mara tatu, wakati dada yake wa mama mmoja hajawahi kuvuka mbili. Siku za dawa zikiisha, Jumamosi inayofuata anakwenda mnada wa Msalato. Dada yake anabaki, na beberu nitakayemtafutia nitamfunua kope kabla ya kuuliza bei.